Kinundu Chini ya Mtulinga

Kazi yangu ni kuku. Nanunua kuku wa kienyeji minadani, Mtinko na kwingineko, nawapanga kwenye matenga na kuwapakia basi la Dar es Salaam, na huko wanaliwa na watu wanaosifia kuku wa Singida bila kujua nani alihangaika nao. Kuku hanunuliwi kwa macho. Manyoya ni mwongo mkubwa. Unapitisha mkono chini, unapapasa kidari, na mfupa ukikuchoma unamrudishia mwenyewe kuku wake, hata akikutukania ukoo. Nayasema haya ili ieleweke kwamba vidole vyangu ndivyo vilivyonipa habari kabla ya daktari yeyote. Asubuhi moja nilikuwa naoga nyumbani kwetu Mandewa, mjini Singida, vidole vikakutana na kitu kwenye titi la kushoto, kigumu, kimejishikiza. Nikaendelea kujisugua kama vile sijakikuta. Nikaenda mnadani, nikagombana na watu wawili kwa mambo ya kipuuzi, nikarudi nyumbani, nikakipapasa tena. Kilikuwa palepale.

Habari za upasuaji sitazisimulia. Titi liliondolewa pamoja na matezi ya kwapani, na nikaambiwa mkono wa kushoto usichomwe sindano wala kufungwa kipimo cha presha maisha yangu yote. Ukabaki wa kulia kufanya kazi ya mikono miwili. Kisha nikaanza dozi za dripu, zile dawa kali za saratani, kwenye hospitali ya mkoa mwingine ambako tulikuwa tunakwenda kwa basi na kulala.

Mishipa yangu haikuwa ya kusifiwa hata nilipokuwa mzima. Nesi alikuwa ananifunga mpira mkononi, ananipigapiga, ananiwekea kitambaa cha maji ya moto, ananiomba nikunje ngumi nikunjue, na mshipa unajitokeza kidogo, ukiona sindano unakimbia. Kati ya dawa zangu kulikuwa na moja nyekundu kama juisi ya rozela. Ile ikiwa ndani ya mshipa inaua saratani, ikitoka nje ya mshipa inaunguza nyama. Dozi ya kwanza ilipita kwa tabu. Dozi ya pili mshipa ulipasuka dawa ikiwa inaingia. Nesi aliwahi kuizima, lakini kidogo kilichovuja kilitosha. Ngozi ya mgongo wa kiganja changu iligeuka nyeusi, ikachubuka, na kwa muda mrefu sikuweza kushika hata kijiko, sembuse kuku.

Nikamwambia mume wangu kwamba mimi basi. Yeye ni fundi wa reli kule Manyoni, mtu wa maneno machache, anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Alinisikiliza huku anakula. Nilimweleza kwamba kufa kwa saratani ni kufa, na kuchomwachomwa kama mto wa pini ni kufa vilevile, basi afadhali nife nikiwa kwangu. Akamaliza ugali wake, akanawa.

"Sawa," akasema. "Basi na mimi nitaacha kazi, tukae hapa wote tukisubiri."

Nilimrushia kikombe. Kilikuwa cha plastiki, na yeye anajua huwa nalenga pembeni. Lakini wiki ile tulipanda basi kurudi kwa daktari, mimi nikiwa nimenuna njia nzima.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa kuweza kuzaliwa na mimi. Hakunihubiria. Alitoa kwenye droo kitu kidogo, mviringo, ukubwa wake hauzidi kifuniko cha soda, kimeshonewa mrija mwembamba mrefu, akanipa nikishike. Alisema kinaitwa poti.

"Tunakiweka chini ya ngozi, hapa chini ya mfupa wa mtulinga," alisema, akigusa kifua chake mwenyewe. "Mrija unaingia kwenye mshipa mkubwa, unaishia karibu na moyo. Huko damu ni nyingi, inaibeba dawa palepale, haipati muda wa kuunguza. Sindano tunachoma juu ya poti. Mkono wako tunauacha upumzike."

"Na nikimaliza?"

"Tunakitoa."

"Nikifa nacho je?"

"Mama, hatukuwekei ili ufe nacho."

Nikampenda kwa jibu lile. Bima ya mume wangu ilikubali, na baada ya majuma machache nikalala juu ya kitanda chembamba upande wa kulia wa kifua changu ukiwa na ganzi. Nilikuwa macho. Walinifunika uso kwa kitambaa cha kijani, na nilihisi nasukumwa na kuvutwa bila maumivu, kama mtu anayeshonewa nguo akiwa ameivaa. Daktari wa upasuaji aliposikia kazi yangu aliniuliza jinsi ya kumtambua kuku mwenye ugonjwa wa mdondo. Nikamweleza kuanzia shingo mpaka kinyesi, na nilipofika kwenye kinyesi akasema tumemaliza.

Masharti yalikuwa mepesi kuyasikia. Nisibebe mizigo mizito mpaka kidonda kipone. Mtu yeyote asikichome ila kwa sindano yake maalumu. Kama hakitumiki, nirudi kila baada ya muda wapitishe maji ya dawa mrija usizibe. Kisipigwe, kisibonyezwe. Kwenye kioo cha bafuni kilionekana kama kinundu, ngozi imetuna kidogo, na kovu fupi juu yake. Nilikichukia siku mbili tatu. Siku ya dozi ya tatu nesi alikigusa, akasema nivute pumzi, akachoma mara moja tu, na dawa nyekundu ikaanza kushuka. Nikalia. Nesi akadhani ameniumiza, akaanza kuomba radhi, nami nashindwa kumwambia kwamba nalia kwa sababu siumii. Ilikuwa furaha tupu, na sikuwa nimeitegemea mahali pale.

Sasa niseme habari za mama mkwe.

Mama mkwe wangu anakaa Mtinko na ni mchuaji. Aliyeteguka mguu anapelekwa kwake, mtoto aliyelala shingo upande anapelekwa kwake, mzazi mwenye tumbo lililokaa vibaya vilevile. Ana mafuta ya kondoo kwenye kopo la maziwa ya unga, na vidole ambavyo wazee wanasema vinaona gizani. Aliposikia nimepungua nguvu alifunga safari kuja kuniuguza. Alifua, akapika uji wa uwele, akanikatalia kufagia. Kwa Kiswahili alizungumza na majirani na redio. Mimi alinisemesha Kinyaturu, ingawa mimi ni Mnyiramba na kila nikimjibu anacheka lafudhi yangu. Aliniita mkamwana, nami nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, na heshima ilikaa katikati yetu mahali pake.

Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. Kwetu mwanamume hatamki titi mbele ya mama yake, hata awe na mvi. Mume wangu alikuwa amemwambia mama yake kwamba nimefanyiwa upasuaji wa kifua na natumia dawa kali. Habari za poti aliniachia mimi, akiamini wanawake tutaelezana. Mimi nami niliamini ameshaeleza, kwani yule ni mama yake. Tena mkwe ni mkwe: nilipojifungua watoto wangu alinikanda mama yangu mzazi, si yeye. Mbele yake nilikaa nimefunga vifungo mpaka shingoni, hata kwenye joto. Kwa hiyo mtu aliyekuwa ananipikia na kunifulia alijua habari zangu nusu, na nusu nyingine kila mtu alidhani mwenzake ameshaipeleka.

Alasiri moja baada ya dozi nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka sebuleni. Vidonge vya kuzuia kutapika vinanilevya usingizi. Mama aliomba anichue mgongo na miguu, nikakubali, na kweli mikono yake ni dawa; mwili wote uliokuwa umekakamaa ulilegea. Nikageuka chali nikasinzia. Kanga ikateleza. Nadhani ndipo alipokiona.

Niliamshwa na maumivu. Alikuwa amepiga magoti pembeni yangu, mafuta ya kondoo yananuka, na vidole gumba vyake viwili viko chini ya mtulinga, vinasukuma kile kinundu kuelekea chini kwa nguvu zile anazotumia kwa mguu ulioteguka. Nilihisi kitu kinaegemea upande ndani ya ngozi yangu. Nikamsukuma. Mtu mwenye umri wa mama yangu, nikamsukuma kwa mguu.

Nikasema maneno. Mimi hasira zangu zinajulikana Mandewa yote, lakini siku ile nilijishangaa mwenyewe. Nilimwambia ameniua, arudi kwao na kopo lake. Yeye alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, hanitazami.

"Nilidhani umepanda," akasema kwa Kinyaturu. "Ule uvimbe. Nilitaka kuushusha."

Kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Jioni kifua kilikuwa kimevimba na kimekuwa chekundu, na kinundu sikukisikia tena kilivyokuwa. Hofu iliyonishika ilikuwa kubwa kuliko ya siku nilipoambiwa ni saratani. Siku ile nilikuwa sijui kitu. Sasa nilijua vizuri. Mkono wa kushoto umekatazwa, wa kulia umekauka mishipa, na dozi zilikuwa zimebaki. Kile ndicho kilichokuwa njia yangu, na nilikuwa nimekwisha kuizoea, nimeanza hata kupanga mambo ya mwaka ujao. Nilijilaumu kwa kupanga.

Nilimpigia mume wangu simu, naye akaomba ruhusa akaja. Alipokiona kifua hakuuliza maswali mengi.

"Kwani hukumwambia?"

"Si wewe uliyemwambia?"

Tukatazamana. Nilikuwa nimeandaa ugomvi wa kutosha, lakini sikupata pa kuuanzia. Akajikuna kichwa, kisha akatoka nje kwa mama yake. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia akimweleza taratibu kwa Kinyaturu, tangu mwanzo: titi, matezi, mkono ulioungua, kile kinundu kimewekwa na nani na kwa nini. Alilitamka neno titi mbele ya mama yake mara nyingi siku ile, sauti yake ikikwama kila alipolifikia, na akaendelea.

Siku ya safari ya kwenda hospitali mume wangu alikuwa ameshatakiwa kurudi kazini. Nilipotoka mlangoni nilimkuta mama mkwe getini, amevaa, ana mkoba. Hakuniomba ruhusa na mimi sikumsemesha. Kwenye basi alikaa upande wangu. Kondakta alipopita kutuambia tufunge mikanda, alikunja kanga yake mara nne akaiweka juu ya kifua changu, chini ya mkanda, ili usinikwaruze. Nikaiacha. Mpaka tunafika hatukusema neno, isipokuwa aliponiuliza kama nataka maji, nikasema sitaki, na nilikuwa nayataka.

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba poti limeinama upande mmoja lakini halijapinduka, na mrija uko mahali pake. Daktari wangu alisema kama lingepinduka ingebidi nipasuliwe tena, na kwa damu yangu ilivyokuwa imeshuka, hilo lingechukua muda ambao hakutaka niupoteze. Ngozi ilikuwa imevimba mno kuchomwa. Twende, turudi wiki inayofuata, tujaribu. Alitumia neno hilo, kujaribu. Hakuuliza nani aliyekibonyeza, na nikamshukuru kimoyomoyo, maana mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Tulikaa mjini humohumo, kwa binamu wa mume wangu. Wiki ile mama mkwe hakunigusa hata kunipitishia sahani. Aliiweka mezani akasogea. Mchuaji wa Mtinko, mikono yake akaificha chini ya kanga kama mwizi. Mwanzoni nilifurahi. Baadaye haikunifurahisha tena, lakini sikujua jinsi ya kusema, na mtu mwenye hasira kama zangu akikosa kugombana huwa hajui kuzungumza.

Siku tuliyorudi uvimbe ulikuwa umeisha. Nesi alivaa glavu, akapapasa kingo za kinundu kwa vidole vitatu, taratibu, akitafuta katikati yake. Alichukua muda. Nilimtazama nikajua ni mtu ambaye asingeuziwa kuku aliyekonda. Akachoma. Sindano iliingia vizuri. Kabla ya kuweka dawa ni lazima avute damu kwanza, ili ajue njia iko wazi. Akavuta. Bomba likabaki jeupe.

"Inua mkono wa kulia, mama."

Nikainua. Akavuta. Hakuna.

"Geuza shingo kushoto. Kohoa."

Nikakohoa. Akaingiza maji kidogo, akavuta tena. Hakuna kitu. Akaniomba nikae, kisha nilale kichwa kikiwa chini, na mimi nafanya kila ninaloambiwa, na ndani yangu nasema haya, ndiyo hivyo, nilijua. Mama mkwe alikuwa ukutani. Nilimwona anatikisa midomo. Yeye ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini sijui siku ile alikuwa anamwomba nani na kwa lugha gani.

"Kohoa tena," nesi akasema. "Kwa nguvu, kama unamwita mtu bondeni."

Nikakohoa kwa hasira zangu zote. Na damu ikaja. Iliingia kwenye bomba ghafla, nyeusi kidogo, halafu nyekundu, imejaa. Nesi akacheka kwa sauti. Mimi nilishindwa kucheka.

Mama alikuwa amesogea mpaka kitandani bila mtu kumwita.

"Hiyo ni damu yako?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ni nzuri?"

"Nesi anasema ni nzuri."

Akakaa chini sakafuni, palepale, miguu ameinyoosha, mpaka mhudumu mmoja akamletea kiti. Hakuniomba msamaha. Na mimi kwa yale maneno na ule mguu sikumwomba pia. Tulirudi Singida tukizungumza habari za mvua, kama alizeti zitafunga vizuri au hapana, na nikamwomba maji, akanipa.

Dozi zikaisha. Nywele ziliota zikiwa laini kama za mtoto, na zikanipa utani mwingi mnadani. Mwili ulirudi polepole. Kwanza nikaweza kupapasa kuku, kisha kumkamata, kisha kumkimbiza. Poti daktari aliliacha kwanza, kwa kuwa kulikuwa na vipimo vya kufuatilia, nikawa naenda kupitishiwa maji mrija usizibe. Mama mkwe alikuwa amerudi kwake Mtinko na kazi yake ya kuchua.

Siku moja alasiri akafika nyumbani bila kupiga simu, na nyuma yake mwanamke wa Mtinko ambaye simjui, bado kijana, kitenge amekivuta juu mpaka kidevuni. Nikawaamkia, nikawawekea chai. Mama hakuigusa chai.

"Fungua kifua," akaniambia kwa Kinyaturu.

Nilimtazama. Mkwe wangu, mbele ya mgeni, mchana. Nikafungua vifungo. Upande mmoja tambarare na kovu lake, upande wa pili kinundu. Yule mwanamke akainamisha macho. Mama akamshika mkono, akachukua kidole chake kimoja akakilaza juu ya poti, kidogo tu, kama mtu anayegusa jicho la aliyelala.

"Huyu alikuwa na kama chako," akamwambia. "Wamekiondoa. Hiki wameweka ili dawa ipite. Mimi sikujua, nikakikanda. Kidogo nimuue mwanangu."

Mume wangu siku ile alikuwa Manyoni. Aliyekuwa anasemwa ni mimi. Nilibaki nimeshika vifungo vyangu, na mama akageukia upande mwingine.

"Kwa hiyo mimi chako sikikandi," akaendelea kumwambia yule mwanamke. "Usinirudie tena kwa habari ya mafuta. Kesho huyu anakupeleka hospitali."

Hakuwa ameniuliza. Yule mwanamke alikuwa bado ameweka kidole palepale.

"Inauma?" akaniuliza.

"Siku ya kwanza," nikasema. "Baadaye unasahau kama kipo."

Kesho yake ilikuwa siku ya mnada wa Mtinko. Sikwenda.